Dobi Aliyezisoma Jezi Zetu

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya safu ya mbele ya timu ya chuo chetu cha ualimu. Wasomaji kadhaa walikuwa wameniandikia wakitaka nitoe maoni, maana msimu umeanza, mechi tatu zimekwisha chezwa, na bao lililopatikana ni moja tu, tena la penalti. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa barazani kwangu Nguvumali, nimeruhusiwa nisiende kufundisha kwa ajili ya jino, na shavu limenivimba. Nilikwisha jaza nusu ukurasa wa maneno makubwa makubwa jirani yangu alipofika, akaiegemeza baiskeli ukutani, akasimama bila kunisalimu. Si kawaida yake. Akasema, "Dobi katangulia." Nikamwuliza dobi gani, ingawa jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa sisi tuliosoma chuoni pale dobi tunayemjua ni mmoja tu. Alikuwa amesumbuliwa na kifua tangu mfungo uishe, na alfajiri ile Mungu akamchukua. Nikaukunja ule ukurasa, nikautia mfukoni, nikaingia ndani kutafuta kanzu. Hata jino nililisahau mpaka jioni.

Wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikilalamika juu ya mifereji iliyoziba na makarani wasioinua macho, basi leo mnivumilie nimsifu mtu. Nitamsifu kwa kiasi, maana mwenyewe hakupenda sifa, na zaidi ya hapo alikuwa na kasoro zake nyingi. Alikuwa Mdigo, amekuja mjini akiwa kijana, akafungua chumba cha kufulia katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Alifua kanzu za waungwana, suruali za makarani wa mkonge na wa reli, na, kwa mapatano ya miaka mingi, jezi za timu ya chuo. Hakuwa mzee sana. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka. Alipenda kusema kuliko kusikiliza, alikasirika upesi, na ukishindana naye juu ya mpira alikuwa akihamia upande wako katikati ya mabishano, kisha akakulaumu kwa kuwa upande huo. Mpira wenyewe hakupata kuucheza. Alikiri kwamba mara ya mwisho alipoupiga akiwa mtoto, ulitua ndani ya sufuria ya mama yake, naye akachapwa mpaka akaacha michezo.

Tena hakujua majina yetu, wala hakutaka kuyajua. Kama madobi wote, alitia alama ya wino ndani ya ukosi wa kila nguo ili zisichanganyike, na alama hiyo ndiyo iliyokuwa jina la mtu. Golikipa wetu aliitwa Duara. Winga wa kulia, aliyekuwa na mbio kuliko wote, aliitwa Kistari. Beki wetu mkubwa, mtu wa Pangani mwenye mapaja ya mpagazi, aliitwa Nukta Moja. Mimi nilikuwa senta fowadi, na kwa dobi jina langu lilikuwa Nukta Tatu. Miaka saba imepita tangu niondoke chuoni, nina mke na watoto wawili, lakini kila alipokutana nami sokoni alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara, "We Nukta Tatu!" na watu wote wakageuka.

Sasa nirudi kwenye mwanzo wa msimu ule ninaotaka kuusimulia. Tulikuwa vijana, tuna njumu mpya na jezi mpya nyeupe zenye ukosi wa buluu, na tulijiona. Mechi zetu zilikuwa za Jumamosi. Ya kwanza tulitoka sare bila bao. Ya pili tukafungwa moja bila. Mji mzima ukatugeuza mzaha, na kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imekwisha karibuni tu, watu wa Ngamiani walikuwa wakisema kwamba safu ya mbele ya chuo ilifunga kila siku mwezi mzima, isipokuwa Jumamosi. Nilisikia mzaha huo kwa kinyozi, nikausikia tena kwa muuza kahawa, na mara ya tatu nikausikia msikitini wakati wa kuvaa viatu. Sisi wenyewe tulikuwa na maelezo tele. Uwanja una mashimo. Jua lilikuwa machoni. Refa ni shemeji yao. Mwalimu wa michezo, mtu wa bara kutoka milimani, mpole, asiyesema neno mpaka amelipima, alitusikiliza sote akiandika kidogo kidogo, wala hakuonekana kusadiki hata moja.

Jumatano ya wiki hiyo dobi alileta jezi kama kawaida. Tulikuwa tumekusanyika katika ukumbi wa chakula. Akauweka mzigo mezani, akaufungua, akagawa jezi katika mafungu mawili bila kuulizwa. Fungu moja akalipigapiga kwa kiganja, akasema, "Hawa wa nyuma wameniua. Mgongo waniuma." Kisha akalisukuma lile la pili kwa ncha ya kidole. "Hawa watano wa mbele ningewafulia kwa maji ya kunawia." Tukacheka, tukidhani anatusifu kwa usafi. Mwalimu wa michezo peke yake hakucheka. Akamwuliza, "Una maana gani, fundi?"

Ili mwelewe jibu lake ni lazima niwaambie uwanja wetu ulikuwaje. Katikati na pembeni ulikuwa na majani mazuri, lakini mbele ya magoli yote mawili majani yalikwisha zamani kwa kukanyagwa, pamebaki udongo mwekundu mtupu. Kwa hiyo mtu akianguka katikati ya uwanja nguo yake huchafuka kwa kijani cha majani, na akianguka mbele ya goli huchafuka kwa wekundu. Dobi alikuwa ametufulia kwa muda mrefu, na pasipo kufika uwanjani aliweza kusema kila mtu alishinda wapi. "Nukta Moja na wenziwe wamejaa udongo," akasema, "maana mpira ulikuwa kwenu siku nzima. Lakini hawa wa mbele, mwalimu, sijaona wekundu hata wa kutilia dawa. Ni majani, majani, majani. Kistari huyu anakimbia mpaka anapokaribia, halafu anarudi. Hawa hawajafika golini hata siku moja. Watafungaje mahali wasipofika?"

Kistari akanuna. Mimi nikajifanya shujaa, nikainua mkono, nikasema kwamba bukta yangu ilichafuka sana, hata mwenyewe niliiona. Dobi akanitazama kwa huruma. "Ilichafuka, Nukta Tatu, sikatai. Ilichafuka makalioni. Mtu anayegombea mpira huangukia ubavu, huangukia kifua, huangukia uso akipenda. Anayeangukia makalio ni yule aliyekaa chini amtazame refa. Weye unakaa sana." Ukumbi mzima ulivuma kwa kicheko, hata wapishi walichungulia. Nilitamani meza ile inifunike.

Mwalimu wa michezo hakutukemea. Alisema tu, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba Jumamosi tunacheza mechi ya tatu hapo hapo nyumbani, na kwamba mtu yeyote wa mbele ambaye jezi yake itarudi kwa dobi haina udongo mwekundu, mechi itakayofuata atakaa nje. Mechi hiyo itakayofuata ndiyo iliyoniweka roho juu. Ilikuwa dhidi ya wafanyakazi wa bandarini, mechi ambayo mji wote huja kuitazama, na mjomba wangu alikuwa amekwisha tuma salamu kwamba atakuja. Mjomba huyu ndiye aliyenilea. Alikuwa amepinga mimi kwenda chuo, akitaka nibaki naye shambani, na mama alimlainisha kwa shida kubwa. Sasa alikuwa amegeuka, akiwatambia watu wa baraza lake huko Pangani kwamba mpwa wake ni senta fowadi. Alikuwa akija na wenzake wawili ili wajionee. Nilipowaza kwamba atafika anikute nimekaa kwenye benchi na shati la kiraia, nilisukuma sahani kando.

Mngedhani kwamba kwa hofu hiyo nilicheza mechi ya tatu kama simba. Sikucheza hivyo. Nilikimbia sana, nilipiga kelele sana, niliomba mpira kwa mikono miwili, lakini kila nilipolikaribia goli miguu ilikuwa ikipunguza mwendo yenyewe. Mwaka uliotangulia beki mmoja alinipiga goti la mbavu ndani ya lile eneo la wekundu, nikalala siku nne nisiweze kucheka wala kupiga chafya. Tangu hapo mwili wangu ulikuwa umejifunza njia ya kuzunguka. Dakika tisini zikaisha, sare tena, bila bao. Nikajitazama. Kifua cheupe, magoti meupe, na majani kidogo, ninaona haya kuandika, pale pale alipoyaona dobi mara ya kwanza.

Basi nikafanya jambo ambalo sikupata kumwambia mtu kwa miaka yote hii, hata mke wangu atalisoma leo pamoja nanyi. Wenzangu walipokuwa wanakwenda kunywa maji, nilijifanya nimelegewa na kamba za njumu, nikabaki nyuma. Nikaenda mpaka mbele ya goli, nikainama kama ninafunga kamba, nikachota udongo mwekundu kwa viganja viwili. Nikajipaka kifuani. Nikajipaka goti la kulia. Nikajitazama, nikaona haitoshi, nikaongeza. Kisha nikawafuata wenzangu nikichechemea kidogo, na Nukta Moja akanipiga bega akasema, "Leo umefanya kazi, ndugu yangu." Nilifurahi na kuona aibu kwa pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Jumanne alasiri nikaletewa salamu kwamba dobi ananitaka. Nikaenda kwa miguu mpaka Ngamiani. Chumba chake kilikuwa kidogo, kimejaa mvuke na harufu ya makaa na wanga, kanzu zimening'inia mpaka usoni mwa mtu. Alikuwa anapiga pasi, na hakuinua kichwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa hapo. Si hapo! Utaniangushia kanzu za watu. Hapo."

Nikakaa juu ya debe. Akamaliza mkono wa kanzu, akaitua pasi juu ya kigae, akachukua jezi mbili kutoka kambani. Moja aliishika mbele yangu. Ilikuwa na kivuli cha wekundu ubavuni, hafifu lakini kinaonekana. "Hii ya Nukta Moja. Nimeitia sabuni, nimeipiga jiweni, nimeitia sabuni tena, nimeianika juani na majimaji yake. Na bado. Unaiona?" Nikasema naiona. Akashika ya pili, nyeupe pe. "Hii yako. Nimeikung'uta mlangoni, udongo ukaanguka. Kilichobaki kimekwenda na maji ya kwanza. Sabuni sijaigusa." Akaikunja polepole. "Udongo wa mtu aliyeanguka, mwanangu, unaingia na jasho na uzito wake, unakaa ndani ya uzi. Wako umekaa juu juu. Halafu viwiko. Mtu hawezi kuangukia kifua viwiko vyake vikabaki vyeupe, isipokuwa hana mikono. Hata kudanganya ungeniuliza miye."

Nilitazama sakafu, masikio yananichoma. Akauliza, bila ukali, "Kwa nini huingii mle ndani?" Nikaanza habari ya uwanja na ya refa, akainua kidole chake cha buluu, nikanyamaza. Ndipo nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mtu. "Naogopa, ami." Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Badala yake alivuta mkono wa shati lake akanionyesha kovu refu la pasi, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. "Na miye namwogopa huyu," akasema, akiielekezea pasi kidevu. "Kila siku nikimjaza makaa, namwogopa. Kanzu niliyounguza ni moja tu tangu nianze kazi, ya bwana arusi, Ijumaa asubuhi, watu wanangoja. Na siku hiyo sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa nasimulia mpira." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, nami nikacheka pia, nikiwa bado na machozi karibu.

Nikajikaza nikamwuliza atamwambia nini mwalimu wa michezo kesho. Akaichukua pasi, akapuliza makaa, cheche zikaruka. "Hiyo si yako," akasema. "Yako ni Jumamosi. Haya nenda, unanitilia giza la nini hapa, nina suruali saba za makarani."

Usiku ule na uliofuata sikulala vema. Alhamisi mwalimu alibandika orodha ya wachezaji ukutani. Nilisogea nikiwa nimekwisha tunga barua ya uongo ya kumzuia mjomba asije. Jina langu lilikuwapo, pale pale pa senta fowadi. Kistari naye aliachwa mahali pake, kwa maana yeye mechi ya tatu alifika kweli, mara moja, akaangukia nyavu. Wawili wengine waliwekwa nje. Nikaamini, na nikaendelea kuamini kwa miaka saba, kwamba dobi alikuwa amenifichia.

Jumamosi mjomba alikuja, kofia ya kiua kichwani, mkongojo mkononi ambao hakuuhitaji, na wale wenzake wawili pembeni. Uwanja ulijaa. Watu wa bandarini walikuwa wakubwa kweli, na kipindi cha kwanza nilijikuta tena nikizunguka, nikizunguka. Robo ya mwisho Kistari alipita pembeni, mara hii akafika mwisho kabisa, akaukata mpira ukaja chini chini mbele ya goli. Niliuona. Niliwaona pia mabeki wawili na golikipa wao wanaujia. Miguu ikaanza kupunguza mwendo. Siwezi kusema nilipata ushujaa, kwa maana hofu ilikuwapo yote. Nilichokumbuka ni kwamba Jumatatu mtu mmoja ataishika jezi yangu mkononi, naye atajua. Nikajitupa. Nilimezwa na magoti na viwiko na vumbi, mtu akaniangukia shingoni, mwingine akamwangukia huyo. Chini kule sikuona kitu, nilisikia tu kelele za uwanja zikipanda. Mpira ulikuwa umenigonga nyonga, ukamponyoka golikipa, na mwenzangu wa upande wa kushoto akausukuma ndani akiwa amesimama wima, jezi safi kabisa. Bao likahesabiwa lake. Tukashinda moja bila.

Mjomba alinipokea pembeni akinikagua kutoka utosini hadi vidoleni. Mdomo ulikuwa umevimba, bega la jezi limechanika. "Bao la nani?" akauliza. Nikamwambia la mwenzangu. "Na weye ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa chini. Akawageukia wenzake kwa heshima kubwa, akawaambia, "Mpwa wangu ndiye yule aliyekuwa chini." Akaridhika, nao wakaridhika, na huko Pangani nasikia habari ilipofika nilikuwa nimelaliwa na watu sita. Ama dobi, alilalamika juma zima. Alimwambia kila mtu barabarani kwamba Nukta Tatu amemwekea kazi ya kishetani, kwamba jezi hii haitoki, kwamba mkono unamuuma, kwamba chuo kinataka kumtoa roho. Sijapata kusikia malalamiko matamu namna ile.

Tangu Alhamisi nimefikiri sana juu ya namna yake ya kuona. Mimi ni mwalimu, tena ni mwandishi wa safu, maana yake ninalipwa mara mbili kwa kuwapima watu. Katika ule ukurasa nilioukunja nilikuwa nimeisifu safu ya mbele ya mwaka huu kwa chenga zake, na kwa kweli ni chenga za kupendeza. Winga wao wa kushoto mtu unaweza kumtazama ukasahau bao linaingiaje. Nilikuwa nimewalaumu mabeki kwa kutowalisha mipira. Lakini Jumamosi, siku mbili baada ya mazishi, nilikwenda uwanjani kwenye mazoezi, na mara hii sikusikiliza kelele. Nilisimama pale wanapotokea, nikawatazama magoti. Vijana watano walinipita wakinisalimu kwa adabu, magoti yao yakiwa safi kuliko ya kwangu. Basi wasomaji mlioniandikia, maoni yangu ndiyo hayo: wanacheza vizuri sana mpaka pale majani yanapokwisha. Jezi zao hazitawasema, kwa sababu chuo kimenunua mpya za rangi ya damu ya mzee, ambazo uchafu hauonekani, nazo zinafuliwa na mashine iliyoletwa mwaka juzi. Sina ugomvi na mashine. Haichoki, haikohoi, na haiunguzi kanzu ya mtu. Ila haimwambii mwalimu kitu.

Ninayaona hayo hayo nje ya uwanja pia. Siku hizi mjini kwetu kila jioni kuna mkutano, na kila mkutano una wasemaji waliovaa mashati yenye mikunjo inayokata. Nawapenda, wengine niliwafundisha, na maneno wanayoyasema mengi ni ya kweli. Lakini nimeshikwa na tabia mpya: mtu akinieleza kazi aliyoifanya, macho yangu yanashuka viwikoni mwake. Mke wangu ameniambia niache, ni utovu wa adabu.

Jana tulisoma hitima. Mikeka ilitandikwa barabarani mbele ya kile chumba chake, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, waungwana aliowafulia kanzu wamekaa bega kwa bega na wachukuzi. Yule mwalimu wetu wa michezo, ambaye sasa ni mkaguzi wa shule na nywele zimeanza mvi, alikuja kwa basi kutoka Korogwe. Yeye si Mwislamu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka kwa heshima, nami nikaenda kukaa naye. Ilipoletwa sinia tukala pamoja. Tukamkumbuka marehemu, tukacheka kidogo, na nikiwa katikati ya tonge akaniuliza, kwa sauti yake ile ile ya chini, "Unaikumbuka jezi uliyojipaka udongo?"

Nikameza tonge, nikamwuliza amejuaje. "Aliniambia," akajibu. "Jumatano ile ile. Aliweka mzigo mezani, akafunga mlango, akasema: mwalimu, Nukta Tatu hakufika golini, amejipaka. Akanionyesha na viwiko." Nikamwuliza kwa nini basi alinipanga. Akapangusa vidole. "Nilikuwa nimekwisha kufuta. Dobi ndiye aliyenizuia. Aliniambia, huyu mpange. Wenziwe hawajui wanapotakiwa kufika. Huyu anapajua, ndiyo maana kapafuata udongo kwa mikono. Imebaki ajipeleke mwenyewe." Kisha mwalimu akaongeza kwamba alibishana naye karibu saa nzima, kwa sababu uongo ni uongo, na mwisho dobi alikasirika, akasema kwamba kama sitapangwa mwalimu atafute mtu mwingine wa kumfulia.

Nililia pale mkekani, sioni haya kusema, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba, nayo ilikuwa kweli. Miaka saba nilijihesabu mtu aliyeponea chupuchupu, niliyeingia uwanjani siku ile kwa sababu kosa langu halikujulikana. Kumbe lilijulikana lote, viwiko na yote, na nikapangwa. Tangu jana nimezisoma upya ripoti nilizoandika juu ya wanafunzi wangu. Ama nimesema kosa nikamwacha mtu hapo hapo, ama nimemwonea huruma nikalificha. Yeye, mtu wa sabuni na makaa, aliyafanya mambo mawili kwa pumzi moja: alilisema kosa langu bila kulipunguza hata chembe, kisha akasimama mlangoni kunigombania. Mwenyezi Mungu ampe makazi mema. Nilikuwa nikimshukuru kwa kunificha, na kuanzia jana ninamshukuru kwa kunisema.